Nilibadilisha mwisho wa riwaya ya Karibiani, sasa mke wangu haniamini tena

Wakuu, heshima kwenu. Mlioko kazini poleni, mliojifunika mablanketi matatu kama mimi poleni zaidi.

Hii siyo chai ya kutunga. Natamani ingekuwa chai.

Niko Brussels mwaka wa tatu, nasafisha ofisi maeneo ya Gare du Nord. Wife ni mwalimu, yuko Dodoma na mtoto wetu. Makaratasi yangu hayajakaa sawa, kwa hiyo yeye kuja hawezi na mimi nikitoka sirudi.

Mwaka jana nilinunua riwaya kuukuu kwenye soko la Jumapili pale Gare du Midi. Ya Kifaransa, inahusu enzi za utumwa visiwa vya Karibiani. Mtumwa mmoja, Marceline, anakata miwa, mumewe anauzwa kisiwa kingine, wanaahidiana kusubiriana.

Wakuu, ile kitu ni tamu balaa. Nikaanza kumtafsiria wife kwa voice note, sura moja kila Jumapili. Nikichelewa kidogo tu, ananitafuta: "Baba Nuru, mbona kimya? Marceline amefikia wapi?"

Sijawahi kujisikia napendwa vile tangu niondoke.

Sura ya mwisho sasa. Uhuru umepatikana, jamaa ameshaoa huko huko. Harudi.

Nikashindwa. Unamsomeaje hiyo mtu anayekusubiri mwaka wa tatu? Nikatunga yangu: jamaa anashuka kwenye mashua, Marceline anamtambua kwa mwendo. Wife alilia kwa furaha, na mimi nikajiona bonge la mume.

Desemba, Espérance, dada wa Bukavu ninayefanya naye kazi, akanipeleka kwenye ice skating ya nje, kuteleza juu ya barafu, katikati ya mji. Viatu vina visu chini, miguu inatetemeka yenyewe.

"Unipatie mikono, ndugu yangu," akasema. "Doucement, polepole. Usiangalie chini, uniangalie miye."

Nilicheka mpaka machozi. Siku hiyo niliipenda baridi, siwafichi. Rafiki yake akatupiga picha tumeshikana mikono, na mimi kwa ujinga wangu nikaiweka status.

Wife hakufoka. Alipiga kesho yake, sauti ya kawaida kabisa.

"Yule mume wa Marceline alirudi?"

Nikasema alirudi.

"Nilikipenda kile kitabu mpaka nikamwomba mwalimu wetu wa Kifaransa anitafutie. Amenisomea mwisho wake. Hakurudi."

Akaendelea:

"Kama umenidanganya habari za watu wa kwenye kitabu, hiyo picha nikuulize ili iweje?"

Na hajaniuliza mpaka leo. Ananijibu habari za mtoto tu. Espérance alitaka ampigie amweleze, nikamkatalia, maana hapo ndipo ningeharibu kabisa.

Nilichojifunza: ukiwa mbali, mwenzako ana maneno yako tu. Usiyaongezee sukari, hata kwa huruma.

Nimekata tamaa, wakuu. Semeni chochote, hata matusi napokea. Ila msiniambie nipande ndege nikaongee naye ana kwa ana. Hilo ndilo analolisubiri, na ndilo nisiloweza.