Nyasi za Nyuma ya Forodha

Nakumbuka siku moja ya mpakani Namanga kila nikisikia kiongozi redioni akitishia nchi jirani. Na sasa wewe, mwanangu, umepata kazi wizara ya mambo ya nje. Basi keti, chai haijapoa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha, na ukame ulikuwa umetushika koo. Mimi nilikuwa msichana, nauza shanga mpakani. Kaka yangu alikuwa amevusha ng'ombe wetu upande wa Tanzania kutafuta malisho bila kumwomba mtu ruhusa. Askari wa huko wakamkamata, mifugo ikafungiwa katika boma la kijiji, na tukaambiwa itapigwa mnada kesho yake. Hao ng'ombe ndio waliokuwa chakula chetu na karo yetu.

Binamu yangu Koinet, wakala wa forodha mwenye mdomo mkubwa kuliko ofisi yake, akakusanya vijana wakajaza mawe barabarani. Hakuna lori la kwenda ng'ambo lililopita.

"Wacha tuwabane!" alipayuka. "Unga wanatoa kwetu, sabuni wanatoa kwetu. Kenya iko na nguvu, bwana!"

Ni kweli tulikuwa na nguvu, na mimi nilimpigia makofi. Lakini alasiri habari zikaja kwamba askari wa ng'ambo wameongezwa, na mnada umeharakishwa, ni jioni hiyo hiyo.

Hapo ndipo nyanya yetu, Kokoo Naserian, aliposhuka kutoka lori la mbuzi lililotoka kwake Bisil. Hakusalimia mtu. Aliuliza tu nyasi mbichi ziko wapi. Kwetu Wamaasai, anayekuja ameshika nyasi mbichi anaomba amani, na ni mwiko kumpiga. Mwaka ule ungezitoa wapi? Alizipata nyuma ya ofisi ya forodha, chini ya mfereji uliokuwa ukivuja. Akang'oa konzi moja, akamgeukia Koinet.

"Toa hayo mawe."

"Lakini kokoo, sisi ndio tuko na nguvu!"

"Na mvua ikinyesha kwao, ikose kwetu? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Toa!"

Wakayatoa wakinung'unika. Nikamshika kokoo mkono tukavuka, huku bunduki zikitutazama. Mwenyekiti wa kile kijiji, Mmaasai mwenzetu, alikuwa amesimama mlangoni pa boma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kijana wangu aliingia kwako bila hodi, hilo ni kosa letu. Lakini ng'ombe wako walikunywa kisimani kwangu Bisil ule mwaka wenu mbaya, na sikukuuliza kitambulisho."

Mwenyekiti alizipokea zile nyasi.

"Sijasahau, mama. Tangu asubuhi nawaombea kwa wakubwa. Wananijibu, unawatetea hao wenye mawe? Mawe yenu yamenifunga mdomo."

Alienda kuwaambia wakubwa wake kwamba barabara imefunguliwa. Jua likishuka, boma likafunguliwa, kaka akatoka na ng'ombe wetu. Nililia bila aibu. Lakini ndama waliokufa kwa kiu mle ndani wakati sisi tunaringa barabarani hatukurudishiwa. Na wateja wetu wa ng'ambo? Wengi walianza kununua unga Arusha, hata leo hawajarudi.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi hapa Kitengela nikitazama mataifa makubwa yakituletea barabara, dawa na unga wa njaa. Mkono mtupu haulambwi, nayo yanajua hivyo. Kila zawadi ina kamba nyuma yake, na ndivyo nchi zinavyopata sauti kwa wenzao. Usiwe mjinga ukaikosa hiyo kamba. Ila anayeivuta kila siku ataikata. Nchi iliyokunywesha ukiwa na kiu husema neno moja ukasikia. Iliyokufungia njia itakushinda leo, na kesho utatafuta njia nyingine. Kwa hiyo huko mezani, kabla hujatisha mtu, jiulize, katika mwaka wake mbaya, wewe ulikuwa wapi.

Engai, Mungu wetu, akupe maneno yenye maji ndani yake. Majirani wakuone wakumbuke kisima, wasikumbuke mawe. Inamisha kichwa nikutemee mate ya baraka. Sema naai, ndiyo amina yetu.