Gauni Lililofagia Sakafu

Mama yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Magauni yake yalipoanza kufagia sakafu, aliyekiona cha moto ni muuza vitambaa wa jirani.

"Unaniuzia vitambaa vinavyorefuka vikifuliwa!" alimfokea.

Jamaa aliapa weee, lakini mama hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Akaendelea kupandisha mapindo, gauni baada ya gauni. Kisha likaanza kuburuta lile la zamani, aliloshona kabla sijaolewa, limefuliwa mpaka rangi imekimbia. Kama ni kurefuka, lingerefuka zamani. Siku hiyo aliposimama kando yangu, mkono kiunoni, niliuona utosi wake kwa mara ya kwanza. Hofu ikanishika. Mama alikuwa anapungua.

Hospitalini, daktari alituonyesha kwenye picha pingili mbili za mgongo zilizobonyea.

"Ulianguka, mama?"

"Wapi! Niliinama kuokota pini, mgongo ukalia."

"Hedhi ilikoma ukiwa na umri gani?"

"Mimi nilipumzishwa mapema," mama akacheka. "Hata arobaini nilikuwa sijafika. Wenzangu walinionea wivu. Lakini mifupa yangu imeliwa na watoto sita, daktari. Mmojawapo huyu hapa."

"Watoto usiwasingizie. Baada ya kuzaa na kunyonyesha, mifupa kwa kawaida hujirudi. Ila hedhi ikikoma mapema hivyo, homoni inayoilinda hupungua mapema pia. Tutakuanzishia dawa." Akanigeukia mimi. "Na mabinti mjiangalie. Hili huweza kwenda kwa ukoo."

Nikainamisha macho. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na siku zangu zilikuwa zimekatika tangu mwaka uliopita. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilikuwa nimefurahi, jamani, nikajiona nimetua mzigo! Sasa, palepale kwenye kiti, mgongo wangu nikauhisi wote, pingili kwa pingili.

 Tulipofika kwangu mama alitoa chaki yake ya kushonea, akanielekeza kwenye mwimo wa mlango, pale ninapowapima wanangu urefu.

"Vua viatu. Simama hapo."

"Mama, mimi si mtoto."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuona ulivyoinamisha macho pale kwa daktari. Simama wima, tujue kama nawe utapungua!"

Nikasimama. Akanyanyua mkono wenye chaki, ukapita bega langu, ukapita sikio, halafu akaguna, ukakwama hapo. Mkono ulionipima magauni yote tangu utotoni haukunifika utosini. Akavuta kigoda kwa mguu.

"Usipande!" nilipiga kelele, nikamshika kiuno kwa mikono miwili.

 Kisha nikaichukua chaki vidoleni mwake, nikajipigia mstari mwenyewe. Ulikaa juu ya mistari ya wanangu wanaokua, na mimi niliogopa kugeuka kuutazama.