Urea Mlangoni

Ghala la samaki wa barafu nililofanyia kazi hapa Dubai lilikuwa na mlango ambao sakafu yake iliganda kila siku. Tulimwaga chumvi ya jikoni ili tusiteleze, mpaka paka wetu wa pale akapasuka nyayo. Nikamlilia arbab, bosi wetu, naye akaleta gunia jipya la dawa ya kuyeyusha barafu, lenye picha ya mbwa na maandishi kwamba ni salama kwa wanyama na mazingira. Nilifurahi hadi nikaimba. Kisha nikasoma viungo nyuma ya gunia. Cha kwanza kilikuwa urea.

Urea naijua. Nyumbani tunaitia kwenye mahindi. Ng'ombe wetu mmoja alilamba gunia lake asubuhi, jioni akafa.

"Hii ni mbolea," nikamwambia mwenzangu wa Tanga.

"Kwani paka ni ng'ombe, dada? Tazama picha, mbwa anacheka."

"Huyo hajailamba."

Arbab alipotusikia akasema khalas, yamekwisha, gunia limeshanunuliwa, mwaga.

Nikamwaga. Huenda urea inaua ng'ombe na kumwacha paka; sikujua, na hapakuwa na wa kumuuliza. Paka akaja kulala palepale, maana nje jua lilikuwa linachoma na penye mlango palikuwa na ubaridi. Nikambeba, nikamwosha nyayo kwa maji yangu ya kunywa. Akanikwaruza mkono, akarudi kwenye urea, akaanza kujilamba.