Mwosha Vioo wa Profesa

Kwa miaka ishirini Baba alikuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa malaria huko kwetu Tanga. Kazi yake ilikuwa kumpasua mbu chini ya hadubini, kutoa tezi za mate bila kuzichana, na kuzilaza juu ya kipande cha kioo. Profesa aliyekuwa mkuu wa kituo alipata sifa duniani kwa vioo hivyo. Kila kimoja Baba alikikwaruza pembeni mistari miwili iliyokatana, ili vikipelekwa Ulaya na kurudi, ajue vyake.

Tulipohamia Toronto, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, alipata kazi ya kupiga deki katika duka kubwa huko Pickering, nje kidogo ya mji. Kisha hospitali moja ikawa tayari kumpa nafasi ya maabara, kwa sharti moja: barua ya mkuu wake wa zamani inayoeleza alichokuwa akifanya. Kituo kilishafungwa, majalada yakaliwa na mchwa. Aliyebaki wa kuiandika ni Profesa.

Profesa alisoma hapa hapa mjini, katika chuo kikongwe cha mawe, kabla hajaenda Tanga. Chuo kikaamua kuuita ukumbi wake mmoja kwa jina lake, naye angekuwapo. Mimi nilikuwa nikiliandikia gazeti dogo la jumuiya yetu, nikapata kadi mbili za mwaliko.

Mama alikuwa akimpigia Baba pasi shati.

"Usiende kujishusha, baba watoto. Taja kazi yako yote."

"Mtu hajisifu mbele ya mkubwa wake. Mkubwa ndiye anayemsifu."

"Na asipokusifu? Hapa asiyejisifu anapewa ufagio."

"Ufagio ninao tayari," akasema Baba, wakacheka.

Ukumbini palikuwa na kabati la kioo lenye taa. Ndani, vioo ishirini na vinne vya mbu. Kibao kilisema Profesa aliviandaa kwa mikono yake mwenyewe. Baba aliinama, akavipitia kimoja kimoja.

"Vyangu," akaninong'oneza. "Vyote."

Nikaandika.

Profesa alikuja na mkongojo, nyuma yake mkuu wa chuo. Kiswahili chake kilikuwa bado safi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Tunajuana?"

"Mimi yule wa Tanga, bwana. Si mtu wa maana. Nilikuwa naosha vioo vyako tu."

Kwetu maneno hayo yana jibu lake. Mkubwa hushtuka, hukushika mkono, huwaambia wote waliopo wewe ni nani hasa. Baba aliinamisha kichwa akilisubiri. Profesa alimtazama yeye, akatazama kabati, akamtazama mkuu wa chuo. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake na niliuona vizuri mfuatano huo wa macho yake.

"Naam," akasema. "Na uliviosha vizuri sana."

Akawatafsiria wenzake. Walicheka kwa upole. Baba naye akacheka. Alama ya mistari iliyokatana ilikuwa pale, chini ya taa, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Niliogopa kumsahihisha baba yangu mbele ya mkubwa wake.

Baba akaomba barua. "Hiyo tu?" akasema Profesa, akaiandika papo hapo kwenye karatasi yenye nembo ya chuo: mwosha vyombo mwaminifu, hakuwahi kuvunja kioo.

Mama aliisoma mara mbili jikoni. "Si amekuandikia ulichomwambia?" akasema, akaenda kulala bila kula.

Wiki ile gazeti lilitoa picha yao wawili. Maelezo chini yake niliyaandika mimi: Profesa na aliyekuwa mwosha vioo wake.

Hospitali ilijibu kwa heshima. Nafasi ya maabara haikumfaa, ila chini kabisa ya jengo walihitaji mtu wa kuosha vyombo vya maabara. Baba aliikubali. Siku ya kwanza msimamizi, kijana wa umri wangu, alimwambia ameisoma barua na anatarajia hakuna kitakachovunjika.

Kwa miaka tisa hakikuvunjika kitu.