Sanda ya Mama na Mshairi wa Kiingereza

Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiingereza hapa Kilwa, na ni mwoga wa maiti. Shangazi yangu alipofariki kule Sudi, nilisingizia homa ili nisiingie chumbani kumwosha. Mama alijua sina homa. Hilo lilinitisha zaidi: sina ndugu, na kwetu mama huoshwa na bintiye.

Mwaka huo nilikuwa nafundisha maisha ya mshairi mmoja wa zamani wa Uingereza. Ujanani aliandika mapenzi kwa ujuvi mkubwa. Baadaye akawa kasisi, akaandika mauti kwa ujuvi uleule. Jioni moja, mama akimenya mihogo, nilimsimulia kisa chake kama kichekesho. Mtu yule alipougua alijifunga sanda, akasimama wima macho kayafumba, mchoraji akamchora. Picha akaiweka karibu na kitanda hadi alipokufa.

"Alikuwa na akili zake huyo," mama akasema, akaendelea kumenya.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka shuleni adhuhuri, nikanusa kafuri ya maiti tangu mlangoni. Mama alikuwa amenyooka kitandani ndani ya sanda yake, ile aliyoletewa kutoka Makka, anayoianika juani kila mwaka kabla ya Ramadhani. Uso ulikuwa umefunikwa. Nikapiga ukelele.

"Nyamaza, mwanangu," sauti ikatoka ndani ya kitambaa. "Majirani watakuja na majamvi."

Nilikasirika kuliko nilivyofurahi. "Mama, unataka kuniua?"

"Shangazi yako ameoshwa na watu baki, na wewe upo. Mimi sitaki hivyo. Mzungu wako alijizoeza mwenyewe, mimi nakuzoeza wewe. Vitambaa vya kufungia hivyo hapo pembeni. Funga."

Nilitaka kukimbia, wallahi. Nikaanza kichwani. Fundo la kwanza likafunguka lenyewe. Nilipofika kiunoni nilihisi joto la mwili wake, nikalia bila kujificha, kwa sababu nilijua siku nitakayofunga kweli joto hilo halitakuwepo. Nikamalizia miguuni.

"La miguuni limelegea," akasema. "Funga tena."

Nikafunga tena. Kisha nikamwomba apumue kwa nguvu, nimsikie.