Mikono ya Buibui

Wazee wa kile kiwanda cha nguo walipostaafu, walijiwekea mashindano ya kuvua samaki kila mwaka katika bwawa lililo nyuma ya kiwanda, kila mtu na mshipi wake mkononi, bila fimbo. Na kila mwaka mshindi alikuwa yule yule: Msimamizi. Akishawashinda hupangusa mikono kwa leso na kusema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Ni methali nzuri, ila haipendezi ikitoka kwa anayeshinda.

Aliyeumia zaidi ni mfumaji mmoja waliyempachika jina la Buibui. Ujana wake wote uliishia kwenye mtambo wa kufumia, Msimamizi akipita nyuma yake, mikono mgongoni. Kila mara alikitazama kitambaa, akaguna, akaenda zake. Hakuwahi kumtukana. Kumsifu pia hakuwahi, hata kwa bahati mbaya. Sasa Msimamizi alikuwa anahamia kwa binti yake, mbali, na mashindano haya ndiyo yangekuwa yake ya mwisho. Buibui alitaka amshinde mara moja tu, ili yule bwana afungue kinywa aseme neno. Siri hiyo hakumwambia mtu, maana ni aibu mwenye wajukuu kutamani kusifiwa.

Tatizo ni kwamba samaki walikuwa wakiuma ndoana yake vizuri tu, kisha wakachomoka. Wafumaji wenzake nao hivyo hivyo. Walilaumu ndoana, wakalaumu minyoo, wakalaumu mvua. Aliyegundua ukweli ni mke wa Buibui, ambaye hata bwawani hajawahi kufika. Alikuwa anaikaza kamba ya kuanikia nguo uani, mashuka yakiwa juu, akampa mumewe ncha moja ashike. Kila akivuta, mume analegeza. Mashuka yote yakalala kwenye tope.

"We mzee una nini? Mimi nakaza, wewe unalegeza!"

"Mama watoto, uzi ukikaza sana lazima uulegeze. Usipoulegeza unakatika."

"Hii ni kamba." Mkewe aliokota shuka, akalitazama tope, kisha akamtazama yeye. "Na samaki nao ndivyo unavyowafanyia?"

Buibui alikaa juu ya ndoo. Mazoea yana taabu. Miaka yote hiyo kundi zima la wafumaji lilikuwa likiwasaidia samaki kutoroka, na Msimamizi alishinda kwa sababu moja tu: hakuwahi kushika uzi maishani mwake.

Siku ya mashindano Buibui aliionya mikono yake mapema. Haikumsikia. Samaki wa kwanza alipouma, ililegeza kabla yeye hajajua. Wa pili vilevile. Msimamizi alikuwa ameshatoa perege wawili wanene, anatafuta leso. Ndipo Buibui akauzungusha mshipi kwenye kisiki kilichokuwa ukingoni, akaupiga fundo la kifumaji, lile dogo lisilofunguka, kisha akaikalia mikono yake yote miwili.

Kambare alipouma, mshipi ulikaza mpaka ukalia.

"Legeza!" wazee walipiga kelele ukingo mzima. "Buibui, legeza, utakatika!"

Buibui alifumba macho akazidi kuikalia mikono. Jasho lilimtoka. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya kosa kubwa kiasi kile kwa makusudi. Kambare alihangaika, akachoka, akatulia, naye Buibui akaingia majini mpaka magotini, akamkumbatia na kutoka naye. Alikuwa mkubwa kuliko wale perege wawili kwa pamoja.

Msimamizi akaja, mikono mgongoni. Hakumtazama samaki. Aliinama kwenye kisiki, akavaa miwani, akalikagua lile fundo kwa muda mrefu. Akaguna.

"Tulikubaliana mshipi uwe mkononi," alisema. "Huyu kavuliwa na kisiki. Mshindi ni kisiki."

Wazee walicheka mpaka wakaegemeana. Buibui hakucheka. Alianza kukusanya vitu vyake aondoke kabla machozi hayajaonekana.

"Ngoja kwanza." Msimamizi alitoa kisu, akakata mshipi pande zote mbili za fundo, akakitia kile kipande kwenye mfuko wa shati na kuufunga kwa kifungo.

"Unakipeleka wapi hicho, bosi?" Buibui akauliza.

"Kwa binti yangu. Kila siku ananiuliza kule kiwandani nilikuwa nafanya kazi na watu gani."

Buibui aliviweka chini vitu vyake. Akamnyanyua kambare, maji yakichuruzika, akamsukumia Msimamizi kifuani, juu ya shati lake safi.

"Basi mpelekee na huyu," akasema. "Mwambie ametoka kwa kisiki."