Suruali Yenye Miguu Sitini

Watu wengi wameniomba nimsamehe yule dalali, na baadhi yao ni watu wema kuliko mimi. Huwa nawajibu kwamba nitafikiria. Sijafikiria.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara, mitumba imeanza kushuka huku kusini kwa marobota, na Nangurukuru kulikuwa na mnada kila Jumamosi. Nilikuwa nanunua makoti ya baridi, yale mazito ambayo kwa joto letu hayana mwenyewe, nayafumua na kuyashona suruali za watoto. Nilikuwa nimeachika, nina wanangu wawili, na chombo changu cha kutulisha kilikuwa kimoja tu: cherehani ya mkono aliyoniachia mama. Nilikwenda nayo mnadani, maana mnunuzi akisema suruali ndefu nampunguzia palepale.

Dalali ndiye aliyekuwa na kipaza sauti, amekifunga kwenye betri ya gari. Anainua kitu chako, anakisifu, watu wanapandishana bei, na kikiuzwa anakata chake. Hapo hatukuwa na ugomvi. Ulimi alikuwa nao. Suruali zangu alizisifu mpaka nikazitamani mwenyewe.

Jumamosi moja tukakuta ameweka kopo la maziwa ya unga mezani.

“Kuanzia leo,” akatangaza, “kila kitu kinalipiwa kabla sijakitaja. Kiuzwe kisiuzwe, hela hairudi. Na kisipouzwa, ukitaka nikitaje tena, unalipa tena.”

Mama mmoja muuza vyungu, aliyekuwa akipanga bidhaa zake kando yangu, akamuuliza, “Sasa baba, na ukikitaja kwa uvivu?”

“Shauri yako, mama.”

Nilikuwa na suruali thelathini. Nikalipia tatu, mbili zikauzwa, nikarudi nyumbani na zilizobaki kichwani nikisema peke yangu njia nzima. Wiki ile sikulala vizuri, na nilipochoka kukasirika nikachukua sindano nikaziunganisha zote, kiuno kwa kiuno, kwa bandi. Bandi ni ule mshono wa kushikiza tu, wa hatua ndefu. Ukivuta uzi mmoja, nguo yote inaachia. Niliongeza na mbili nilizokuwa nimewashonea wanangu, ili zitimie thelathini tena.

Jumamosi iliyofuata nikatupia kopo ada ya kitu kimoja. Muuza vyungu naye alikuja na vyungu vyake vimefungwa kamba moja. Dalali akainua nguo yangu, akarudi nyuma hatua mbili, nguo haijaisha. Akarudi tena. Mtu mmoja akauliza mnyama mwenye miguu sitini anapatikana pori gani, na mnada mzima ukacheka.

Angecheka na yeye, tungeishia hapo. Lakini alikiweka kipaza sauti mdomoni akasema, “Mtazameni vizuri huyu mwanamke. Ni mwizi.”

Neno lile lilisikika mpaka kwenye mabasi ya stendi ya jirani. Lilifika kwa wakwe zangu wa zamani kabla sijafika mimi nyumbani. Kisha akawaamuru wapagazi wake wawili wachukue cherehani yangu, eti faini. Niliomba nitoe kitambaa changu kilichonasa kwenye sindano, na walipogeuka kutafuta kamba nikafungua kibati kilicho chini ya sindano, nikachomoa kile kikombe kidogo cha chuma kinachoshika bobini, kigurudumu cha uzi wa chini. Nikakifunga kwenye pindo la kanga. Bila kikombe kile cherehani ni pambo.

Wiki nzima hatukuwa na kazi ya kushona. Tulikula mihogo ya muuza vyungu, na mimi nilikuwa nakipapasa kile kikombe nikimwombea dalali uzima, asije akafa kabla ya Jumamosi.

Jumamosi akaipandisha cherehani mezani, akaisifu. Kwetu mashine hainunuliwi mpaka ijaribiwe mbele za watu, kwa hiyo fundi mmoja kutoka Mitole akakaa akazungusha mkono. Sindano ikapanda, ikashuka, uzi haukushika. Akafungua kibati.

“Kuna kitu kimetolewa hapa,” akasema. “Lakini kingine kama hicho ninacho nyumbani.”

Hilo sikulitegemea. Nikamsogelea karibu. “Shikamoo, fundi.”

“Marahaba.”

Nikafungua pindo kidogo, akaona. “Ya mama yangu,” nikamwambia.

Alinitazama, akaitazama cherehani, akainuka akipangusa mikono. “Mimi siitaki,” akasema kwa sauti. Fundi akikataa, nani mwingine ataitaka? Dalali akaitaja mara tatu. Hakuna aliyetaja bei.

“Haijauzwa,” akasema muuza vyungu. “Lipa, ndiyo uitaje tena.”

“Kopo ni langu, nijilipe mwenyewe?”

“Basi na vyungu ni vyangu.” Akaanza kuvipakia. Wauzaji wenzake wakaanza kukunja mikeka.

Hapo ndipo nilipotaja bei: ya suruali moja ya mtoto. Dalali akatafuta wa kunizidi bei, hakumpata, akagonga meza. Nililipa, nikarudisha kikombe mahali pake, nikaketi karibu na kipaza sauti nikashona kipande cha kitambaa. Mlio wa cherehani ya mama ukasikika stendi nzima.

“Sasa watangazie kwamba mimi si mwizi,” nikamwambia.

Alinyoosha mkono akazima kipaza sauti kwanza. Kisha akasema polepole, “Haya basi mama, wewe si mwizi.” Tukasikia watu wawili, mimi na yeye.

Kopo halikuonekana tena, na wenzangu wakasema tumeshinda. Wao walishinda. Mimi nilikuwa bado mwizi kwenye mabasi.

Ramadhani ilipofika kumi la mwisho, mke wa dalali alikuja kwangu na kitambaa cheupe kizuri. Mafundi wote walikuwa wamezidiwa kazi, na mumewe alitaka kanzu ya Idd. Nilimkaribisha, nikampima mumewe kwa kanzu kuukuu aliyokuja nayo, nikamwambia utaratibu wangu: nalipwa kabla sijakigusa kitambaa, na imfae isimfae, hela hairudi. Akalipa bila kuuliza.

Alipoondoka niliifunika cherehani. Nikachukua sindano ya mkono, nikaishona kanzu nzima kwa bandi, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo, na nikaipiga pasi vizuri sana. Swala ya Idd ni rakaa mbili. Kwa mshono ule, moja ilitosha kuifumua.